Je, ni Entebbe, Gulu au Hoima? Jibu kuhusu kitovu cha mizigo ya anga Uganda

Swali: "Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima karibu na Gulu. Tunalima pilipili kali na bamia. Tunasikia kwamba uwanja wetu wa Gulu utakuwa kitovu cha mizigo ya anga cha kanda nzima. Wengine wanasema ni Hoima. Na Entebbe tayari kuna jengo jipya la mizigo. Lakini mzigo wetu mara nyingine bado hupelekwa Nairobi kwa lori ndipo upande ndege. Kwa nini? Na sisi tujiandae vipi? Wenzangu wanataka tukope tujenge ghala kando ya uwanja wa Gulu."

Jibu:

Dada yangu, apwoyo matek kwa swali hili. Nianzie mwisho wa barua yako, maana ndipo zilipo pesa za kikundi. Msikope kujenga ghala kando ya uwanja wa Gulu. Sisemi kwamba Gulu haina nafasi katika biashara hii. Inayo, na nitaieleza hapa chini. Lakini ghala lisilo na ndege ya ratiba ni kuta na deni, na hakuna shirika linaloleta ndege kwa sababu limeona ghala. Linaileta baada ya kupiga hesabu. Hesabu yenyewe nataka tuipige pamoja polepole, kwa sababu hata wanaopanga bajeti za viwanja mara nyingi huiruka.

Ndege ya mizigo inapotua hubeba gharama ya safari mbili, ya kuja na ya kurudi. Tuchukue ndege kubwa kama Boeing 777 ya mizigo, ambayo hubeba tani 100 hivi. Tuseme, kwa namba za mfano tu, kwamba kuileta na kuirudisha kunagharimu dola 400,000. Ikija na tani 30 zilizolipiwa dola 2 kwa kilo, imekusanya dola 60,000. Hizo 340,000 zilizobaki zitamwangukia nani? Zitamwangukia anayesafirisha kutoka huku: mvuvi, mkulima wa maua, wewe na pilipili yako. Hata mkiijaza ndege tani zote 100, kila kilo italipa dola 3.40. Sasa chukua ndege hiyohiyo, ije na tani 80. Imeshakusanya dola 160,000 kabla haijafunguliwa mlango, na kilo yako inashuka hadi dola 2.40. Mafuta hayakushuka bei, wala hakuna aliyejenga chochote. Dola nzima imetoka kwenye nauli yako kwa sababu kuna simu, dawa na vipuri vya mashine vilivyokuja vimeijaza ndege.

Wenye kazi hii huuita mzigo wa upande wa pili mzigo wa kurudi, na kwangu mimi jambo lote la kitovu cha mizigo limelala hapo. Uwanja ukiwa na mzigo wa pande zote mbili, ndege zitakuja hata kama ghala ni la mabati. Usipokuwa nao, unaweza kujenga majengo ya vioo na bado yakabaki na mwangwi.

Entebbe tatizo lake ni nini? Katika miaka ya karibuni mizigo yake imekuwa ikizunguka tani 60,000 hivi kwa mwaka, na kwa uzito kinachotoka kinazidi kinachoingia. Kinachotoka unakijua: minofu ya sangara, maua ya waridi, vipandikizi vya krisanthemamu, pilipili, ndizi sukari, mboga. Kinachoingia nchini kwa wingi hakipandi ndege kabisa. Hupitia bandari ya Mombasa na kuja kwa lori zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala. Kwa hiyo ndege nyingi huja nyepesi na kuondoka nzito, na aliyejaza ndege ya kuondoka ndiye anayelipia upepo uliobebwa wakati wa kuja.

Kuna fundo la pili ndani ya hilo la kwanza, na nadhani halizungumzwi vya kutosha. Maua na samaki wetu wengi huenda Ulaya. Lakini simu, nguo, vifaa vya umeme na dawa ambavyo wafanyabiashara wa soko la Kikuubo, Kampala, huvileta kwa ndege hutoka Dubai, Guangzhou na Mumbai. Ndege iliyopeleka maua Amsterdam hairudi na simu za Guangzhou. Mzigo upo pande zote mbili, ila pande hizo hazitazamani. Dawa yake ni safari ya pembetatu: ndege itoke Asia au Ghuba na bidhaa, ishushe Entebbe, ipakie samaki na maua, iende Ulaya, kisha ijaze mzigo wa Ulaya na kurudi mashariki. Mashirika makubwa ya mizigo huishi kwa pembetatu kama hizi.

Ila pembetatu huhitaji ruhusa. Shirika la Falme za Kiarabu, kwa mfano, haliwezi kubeba mzigo kutoka Entebbe hadi Ubelgiji kwa kupenda kwake. Katika mikataba ya anga kuna kile kinachoitwa haki ya tano, yaani shirika la nchi moja kuruhusiwa kubeba mzigo kati ya nchi nyingine mbili, mradi safari hiyo ianzie au iishie kwao. Uganda na hiyo nchi ya Ulaya lazima zote zikubali. Kutoa haki hii kwa mizigo hakugharimu hata mfuko wa saruji. Hugharimu ujasiri, kwa sababu shirika la nyumbani hulalamika kwamba linanyang'anywa biashara. Mimi nauheshimu sana ufufuo wa Uganda Airlines mwaka 2019, na safari zake za Dubai, Mumbai na ile ya London Gatwick iliyoanza Mei 2025 zimefungua nafasi za mizigo ambazo hatukuwa nazo. Lakini Airbus A330-800 zake mbili ni ndege za abiria. Mzigo unakaa tumboni, chini ya abiria, na masanduku ya abiria huwa na haki ya kwanza. Nafasi hiyo ni nzuri kwa mzigo mdogo wa mara kwa mara kama wenu, ila haitoshi kukifanya kiwanja kuwa kitovu. Kuwafungia wengine mlango ili kuilinda nafasi hiyo ni kumuumiza mkulima bila kulinufaisha shirika.

Eldoret inatufundisha jambo hili kutoka upande wa pili. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1997 ukiwa na njia ya kurukia ya kilomita 3.5, katikati ya eneo lenye kilimo kizuri kuliko sehemu nyingi za Kenya. Ndege za mizigo kutoka Dubai na Asia zilikuja kweli, zimejaa bidhaa. Kisha ziliondoka tupu, au zikaruka hadi Nairobi kutafuta maua. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na juu huko hewa ni nyembamba: injini hupungua nguvu, mabawa hupata mshiko mdogo, na ndege nzito huhitaji njia ndefu zaidi ili iruke. Yenye tani 100 inaweza kutua bila shida, lakini kuondoka na uzito huo pamoja na mafuta ya kufika mbali ni hadithi nyingine. Wakulima waliouzunguka uwanja ule waliendelea kupeleka mazao yao Nairobi kwa barabara, kama ninyi.

Hapo ndipo Entebbe ina jambo ambalo nisingechoka kulisema kila nipewapo nafasi. Addis Ababa iko mita 2,300 na zaidi, Nairobi zaidi ya mita 1,600, Kigali karibu 1,500. Entebbe, kando ya ziwa, iko mita 1,153 tu, na njia yake kuu ina urefu wa mita 3,658. Ndege ileile, siku yenye joto lilelile, huweza kuondoka Entebbe na mzigo mzito kuliko Addis. Kwa abiria tofauti hiyo haionekani. Kwa mwenye ndege ya mizigo ni tani kadhaa za ziada kila safari, na tani hizo ndizo faida yake. Hatukuipata kwa bajeti wala kwa mkopo. Ni ya kuzaliwa nayo, na inasikitisha kuona wajumbe wetu wakienda kwenye maonyesho ya usafiri na kusifu rangi ya jengo badala ya kuliweka jambo hili mezani kwanza.

Mbona basi Addis na Nairobi zinatuzidi? Kila mmoja una sababu yake. Addis ina shirika. Ethiopian Airlines ilianzishwa mwaka 1945, ina kundi lake la ndege za mizigo, nyingi zikiwa 777, na ghala zake za uwanja wa Bole, Addis, zimejengwa kupokea karibu tani milioni moja kwa mwaka. Ikitaka kujaza ndege, huunganisha mzigo mdogo wa nchi kumi. Nairobi ina maua. Kwa miongo kadhaa Naivasha na maeneo jirani yamekuwa yakitoa mzigo wa kutosha kila usiku, msimu hadi msimu, hata mashirika mengi yanashindana kuuchukua. Mashirika yakishindana nauli hushuka. Nauli ikishuka, mzigo wa nchi jirani nao huvutwa. Ndiyo maana lori lenye pilipili yenu huvuka mpaka wa Malaba kuingia Kenya. Wakala wenu hakuwakosea. Alikwenda penye ndege tatu usiku mmoja badala ya moja kwa wiki, ili hata moja ikighairishwa mzigo usioze. Kigali nayo imepewa kipaumbele na Qatar Airways Cargo tangu 2023, na uwanja mpya wa Bugesera unajengwa.

Nikitafuta mfano wa nchi ya kuigwa, siitazami Dubai, ambayo kila mtu huitaja. Naitazama Luxembourg. Ni nchi isiyo na bahari kama yetu, isiyofika hata kilomita za mraba 2,600, na idadi ya watu wake haijazi hata Kampala. Hakuna wa kununua tani zote zinazotua pale. Hata hivyo tangu shirika lake la mizigo, Cargolux, lilipoanzishwa mwaka 1970, uwanja wa Findel umekua kuwa moja ya vituo vikubwa vya mizigo Ulaya. Siri yake ni malori. Mzigo unaotua pale hupakiwa kwenye malori yanayoondoka kwa saa maalumu kwenda Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji na kwingineko, na malori hayo hupewa namba za safari kama ndege. Mteja aliye Frankfurt au Paris hajali kwamba sehemu ya mwisho ya "ndege" yake ilikuwa na magurudumu kumi na nane, maadamu mzigo umefika usiku uleule na forodha haikuufungua njiani.

Sasa tazama ramani yetu. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo mwaka 2022. Kutoka Entebbe, barabara ya kasi ya kilomita 51 iliyofunguliwa 2018 inakufikisha Kampala. Kutoka hapo lami inakwenda hadi Elegu na kuingia Juba, inakwenda Mpondwe mpakani mwa Kongo, inakwenda Katuna mpakani mwa Rwanda. Mashariki mwa Kongo kuna mamilioni ya watu ambao viwanja vyao vidogo haviwezi kupokea ndege kubwa, na hata vile vinavyoweza havina uhakika: Januari 2025 uwanja wa Goma ulifungwa baada ya mji kutekwa na waasi wa M23. Umoja wa Mataifa uliliona hili zamani, ukaweka Entebbe kituo chake cha huduma za kanda tangu 2010. Dawa za hospitali ya Bunia, vipuri vya mitambo ya simu ya Juba, chanjo, mashine za maji: huo ndio mzigo wa kujaza ndege zinazokuja. Kila tani ya Juba inayotua Entebbe inakupunguzia wewe nauli ya pilipili. Kwangu hii ndiyo maana ya kitovu: mzigo usio wenu unapita kwenu, na unapopita unawalipia sehemu ya safari.

Ila mzigo wa kupita una adui mmoja, nao ni muda wa kukaa chini. Mteja aliyelipa nauli ya ndege amenunua siku. Ukimlia siku hizo kwenye foleni ya stakabadhi, afadhali angetumia meli. Zana za kuzuia hilo tunazo. Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki limekuwepo tangu 2014, na tangu 2017 Uganda, Kenya na Rwanda zinafuatilia malori ya mizigo ya kupita kwa kufuli za kielektroniki, kwa hiyo lori linaweza kufungwa Entebbe na kufunguliwa mpakani bila mtu kuligusa. Kinachobaki ni mambo madogo ambayo hayapigiwi picha na waandishi: ofisa wa forodha awepo saa nane usiku ndege inapotua, mkaguzi wa mimea awepo saa hiyohiyo, skana isiharibike wikendi, na taarifa za mzigo zitumwe kabla ndege haijatua ili lipi lifunguliwe na lipi lipite lijulikane mapema. Ningepewa shilingi bilioni kumi nichague kati ya jengo lingine na zamu za usiku zenye watu waliolipwa vizuri, nisingefikiri mara mbili.

Jengo lenyewe si baya. Upanuzi wa Entebbe ulioanza 2016 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China wa zaidi ya dola milioni 200 umetupa kituo cha mizigo kinachoweza kushughulikia tani 100,000 kwa mwaka. Linganisha na hizo 60,000 na utaona kwamba nafasi ipo na deni linalipwa, iwe nafasi imejaa au haikujaa.

Kuna jambo lingine linaloamua iwapo ndege zitakuja, nalo ni imani ya anayepokea. Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za samaki kuvuliwa kwa sumu. Viwanda vilifungwa, watu wakarudishwa nyumbani, na mizigo ya Entebbe ikapoteza uti wake wa mgongo kwa miezi. Uganda iliruhusiwa tena Agosti mwaka huohuo, baada ya kubana ukaguzi kwenye mialo na kuonyesha kwamba samaki wanaweza kupimwa maabara na kufuatiliwa hadi walipovuliwa. Kazi ile ya kuchosha ya makaratasi na vipimo ndiyo iliyorudisha ndege. Leo mtihani huo uko kwenye mazao yenu. Nondo anayetoboa pilipili aliwekwa na Umoja wa Ulaya kwenye orodha ya wadudu wa karantini mwaka 2018. Funza mmoja akionekana kwenye katoni moja, shehena nzima hukataliwa, na rekodi ya nchi huchafuka kwa ajili ya wote. Juu ya hapo, tangu 2014 shirika lolote linalobeba mzigo kwenda Ulaya kutoka nchi kama yetu lazima liwe na kibali cha usalama cha uwanja linakopakia, kinachothibitisha kwamba mzigo ulikaguliwa na haukuguswa na mtu asiyehusika. Uwanja unaopoteza sifa hiyo hata kwa muda mfupi hurudi nyuma miaka.

Mafuta nitayapita haraka, ingawa ni gharama kubwa. Mafuta ya ndege hutufikia kutoka pwani kupitia Kenya, na kila mkono yanaopita huongeza bei. Januari 2022 malori yalipokwama mipakani kwa ajili ya vipimo vya korona, nchi nzima iliona petroli inavyoweza kuadimika kwa siku chache. Njia ya majini kutoka Kisumu ni hatua nzuri, na tuombe ikue.

Hapo nimefika Hoima. Uwanja wa Kabalega una njia ya kilomita 3.5, na ulijengwa kwa kusudi moja la wazi: kupokea mitambo mizito ya kiwanda cha kusafishia mafuta na miradi ya visima. Kwa kazi hiyo unafaa sana. Lakini mitambo ya kiwanda huja mara moja. Ikishafungwa, ndege iliyoileta hairudi wiki ijayo na nyingine, wala Hoima kwa sasa haina tani za kupakia. Hoja yake itabadilika siku kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku kitakapoanza kutoa mafuta ya ndege palepale Kabaale, ulipo uwanja huo, maana uwanja wenye mafuta nafuu mlangoni huvuta ndege zinazopita. Kabla ya siku hiyo, kuuita kitovu cha kanda ni kutangulia mno.

Na Gulu? Njia yenu ina kilomita 3.1 hivi, na mwinuko wenu uko chini hata ya Entebbe. Ndege ya mizigo ya ukubwa wa kati ingetua na kuondoka vizuri. Hivyo uwezo wa kiufundi haunisumbui. Kinachonisumbua ni kuigawa nchi moja yenye tani 60,000 katika vitovu vitatu. Mashirika hupenda kukuta mzigo umerundikana mahali pamoja. Ukiugawa, kila uwanja unabaki na ndege nusu, na wote mnarudi Nairobi. Kwa sababu hiyo nasimama na Entebbe iwe kitovu kimoja, na nasema hivyo nikijua kwamba wasomaji wangu wa kaskazini hawatafurahi.

Nafasi ya Gulu ninayoiona ni kuwa mlango wa kaskazini wa kitovu hicho. Mko kilomita 100 na kidogo kutoka Elegu, na kutoka Nimule, ng'ambo ya mpaka huo, hadi Juba ni lami ya kilomita 192. Reli ya Tororo hadi Gulu inakuja hadi mjini. Mashirika ya misaada, yanayohudumia wakimbizi wa nchi inayowahifadhi kuliko zote Afrika, huhitaji mahali pa kuweka dawa na vyakula maalumu karibu na mpaka. Gulu inaweza kuwa pale lori la Entebbe linapofika kabla ya alfajiri, mzigo ukagawanywa kwenda Juba, Arua, Kitgum na Moyo, na lori hilohilo likarudi kusini jioni limebeba pilipili zenu zilizopozwa. Mzigo wa kurudi tena, safari hii juu ya matairi. Kwa mpango huu mnahitaji nusu kontena lenye ubaridi pale mnapofungashia, shambani au kwenye kituo cha kikundi, wala si ghala la uwanjani.

Nieleze sababu. Pilipili ikichumwa saa nne asubuhi ikiwa na joto la jua, huendelea kupumua na kunyauka hadi ipozwe. Kila saa inayokaa kwenye gunia chini ya mti inapunguza siku zake dukani Ulaya. Chumeni alfajiri, ipozeni ndani ya saa chache, muiweke kati ya nyuzi 7 na 10. Msishuke chini ya hapo; pilipili na bamia huungua kwa baridi, hutoka madoa, na mnunuzi akiyaona madoa hataki kusikia habari za safari. Baridi hiyo isikatike kwenye kilomita 330 na zaidi hadi Kampala na kisha Entebbe. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati kuanzia Septemba hadi Desemba, waliokuwa na lori la baridi walizunguka njia ndefu na mzigo ukafika. Waliokuwa na turubai mnajua wenyewe yaliyowapata.

Jambo la pili ni katoni. Nauli ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa, kinachozidi. Pima katoni kwa sentimita, zidisha urefu kwa upana kwa kimo, gawanya kwa 6,000, upate kilo za kutozwa. Katoni ya 40 kwa 30 kwa 20 ni kilo 4. Mkiweka ndani pilipili kilo 3, mnalipia kilo moja ya hewa katika kila katoni, msimu mzima. Kikundi kinaweza kuokoa pesa nyingi kwa kuchagua katoni sahihi kuliko kwa kugombana na wakala juu ya nauli. Ongeeni na anayetengeneza katoni, siyo anayeuza zilizokwisha tengenezwa kwa ajili ya parachichi.

Tatu, sajilini kikundi kama wasafirishaji nje kwa Wizara ya Kilimo, Wanyama na Uvuvi, na kila mwanachama awe na namba inayoandikwa kwenye katoni zake. Najua wengine wataona ni usumbufu. Lakini funza akipatikana kwenye katoni namba 14, tunataka tumjue mkulima namba 14 na kumsaidia kuweka mitego, badala ya kufungiwa wote thelathini. Mkaguzi wa mimea anayekuta kumbukumbu safi humaliza kazi upesi, na upesi huo ndio unaowahisha ndege.

Wenzako waliotaka ghala hawakuwa na nia mbaya. Wanataka kumiliki kitu kinachoonekana. Chumba cha baridi cha kikundi kinaonekana pia, na kinaanza kulipa msimu wa kwanza. Kabla ya kukopa hata hicho, mtume mtu mmoja Entebbe kwa wakala wa mizigo wawili au watatu tofauti, akiwa na mambo matatu kwenye karatasi: katoni ngapi kwa wiki, kilo za kutozwa kwa kila katoni, na siku gani za wiki mnaweza kuleta bila kukosa. Aombe bei ya Dubai, ya London na ya Amsterdam, aulize pia kila ndege ina siku ngapi kwa wiki na nini hutokea ikighairishwa. Kama bei ya mnunuzi wenu, ukitoa nauli, katoni, lori na ukaguzi, inamwachia mkulima kidogo kuliko anachopata kwa kuuza Juba kwa lori, basi uzeni Juba mwaka huu na endeleeni kupoza na kuweka kumbukumbu, ili nauli ikishuka mkute mko tayari. Nitumie majibu mtakayopewa na hao mawakala, nami nitakusaidia kuyasoma mstari kwa mstari.